Tumempiga kalamu mjomba wangu kwa WhatsApp, na simu yake ni kabambe ya vibonye

Asalaam aleykum Bi Somo, na shikamoo.

Mimi ni kijana wa Lamu, mtaa wa Langoni, nina miaka 29, kazi yangu ni boti, nachukua abiria wa Mokowe na nikipata watalii nawapeleka Shela. Nakuandikia usiku huu manake nina wiki tatu silali, na mke wangu ashaniambia nikiendelea kugaragara hivi nihamie darini.

Hadithi yenyewe ni ya mpira, usicheke. Tuna timu yetu ya mtaa, jina silitaji, mimi ndio katibu. Kocha wetu kwa miaka kumi na tatu alikuwa mjomba wangu, ndugu wa mamangu tumbo moja. Huyu mzee ndio aliyetufundisha sote kupiga mpira tukiwa watoto wa madrasa, mipira alikuwa akinunua kwa pesa za kamba anaovua mwenyewe, na timu ikienda kucheza Faza au Kizingitini yeye ndio anaesema tutoke saa ngapi manake ukikosea maji pale mkondo wa Mkanda boti inalala kwenye tope na nyinyi mnalala nayo. Hajawahi kulipwa hata shilingi.

Watu wa umri wake wanamwita Ole. Jina lilianza 1999, ile fainali ya kombe la Ulaya ya Manchester United na Bayern kule Camp Nou. Anavyosema yeye, dakika tisini zilipofika Bayern wako mbele moja kwa sufuri, nusu ya watu waliokuwa kwenye ile nyumba yenye dishi walishavaa makubadhi waende wakalale, yeye akabaki. Sheringham wa United akarudisha, halafu ikapigwa kona nyengine, Ole Gunnar Solskjaer, sabu mwenye jezi 20, akanyoosha mguu, 2-1, kwisha. Mwaka huohuo mjomba akaingizwa kama sabu kwenye fainali ya mtaa kwa mtaa na akafunga la ushindi watu washaanza kuondoka, basi jina likaganda. Jezi yake ni 20 mpaka leo, imechanika kwapani na hataki ishonwe.

Sasa twende 2021 ndio uelewe kidonda kilipo. Mimi ni Man U damu, na nilikuwa miongoni mwa waliokuwa wakipiga kelele Ole aondoke, yule Solskjaer mwenyewe, wakati huo ndio kocha wetu. Oktoba Liverpool walikuja Old Trafford wakatupiga tano, nne kabla ya hafutaimu, mimi mpira sikuumaliza. Novemba tukaenda Watford, ilikuwa Jumamosi jioni, tukaenda kuswali magharibi tukarudi ukumbini tukakuta bado sufuri sufuri na kipa wetu De Gea ashaokoa penalti, tukasema alhamdulillahi leo kuna bahati. Bahati gani, tulipigwa 4-1 na beki wetu Maguire akapewa kadi nyekundu. Kesho yake baada ya adhuhuri habari ikafika, Ole kapigwa kalamu.

Bi Somo ungeliona baraza siku hiyo. Jamaa mmoja mwenye punda alinunua kahawa ya watu wote kwa furaha, na yeye ni Man U. Mashabiki wa Liverpool ndio waliokuwa na huzuni ya kweli, walikuwa wakisema mbona mnamfukuza na mkataba wake ni wa mpaka 2024, mwacheni amalize. Wengine wakawa wanalaumu bodi, ati wamemletea Ronaldo wakati timu inataka kiungo. Mimi nikasimama nikasema maneno, nikasema yule si kocha ni picha ya ukutani, wamempa kazi kwa sababu ya goli moja la zamani, miaka karibu mitatu hana hata kikombe cha chai. Watu wakacheka sana. Mjomba alikuwa amekaa mwisho wa baraza, hakucheka, akanywa kahawa yake ikaisha akasema, "Tukanani ukocha wake. Goli lake liateni." Akaondoka.

Basi mwaka huu yamefika kwetu. Mechi saba tumeshinda moja. Kikosi mjomba anakipanga kwa heshima, kuna mchezaji ana miaka 38 na tumbo lakini anaanza kila mechi manake alichangia pesa za boti mwaka fulani, watoto wenye mbio wanakaa benchi mpaka wengine wakahamia timu za mitaa jirani. Mechi ya mwisho tukapigwa nne kwa moja, nne moja Bi Somo, kama Watford, na vijana pembeni ya uwanja wakaanza kuimba "Ole auti! Ole auti!" Wao walikuwa wanataka mzaha tu, wengi walikuwa watoto wadogo 2021, lakini mimi nilikuwa nimesimama karibu na mzee na niliona shingo yake.

Kamati tukakaa usiku, watu saba, kura tano kwa mbili aondoke. Mimi nilikuwa kwenye tano. Tukakubaliana mwenyekiti ataenda kumwambia asubuhi. Lakini vijana kwenye grupu walikuwa washaanza kuuliza uliza na maneno yanavuja, mwenyekiti akanambia katibu andika kitu kifupi tuwatulize. Nikaandika mimi, kwa mkono wangu, saa sita za usiku. Nikaiga zile taarifa za klabu kubwa, kwamba tunamshukuru kwa yote na atabaki kuwa lejendi wa timu daima. Nikatuma. Ndani ya dakika mbili mtu akaweka stika ya mtu anacheza.

Mjomba hayumo kwenye grupu. Simu yake ni kabambe, haiingii WhatsApp. Alitoka msikitini alfajiri akapata habari pale Mkunguni kwa mtoto anayechunga punda, mtoto kamuuliza, "Ami, ni kweli umefukuzwa?"

Jioni yake alikuja mazoezini. Kila mtu akanyamaza. Alikuja na mipira yote kwenye wavu kama kawaida, akauweka chini, akakaa kwenye mchanga akatazama mazoezi mpaka mwisho, akaondoka. Filimbi hakuirudisha, iko shingoni mwake, na sasa kamati wananisukuma mimi niende nikaichukue ati ni mali ya timu.

Mamangu hasemi na mimi. Chakula ananiwekea lakini anaweka na kuondoka. Anasema mrudisheni ndugu yangu kazini ndio mambo yaishe. Mtaa umegawanyika, wazee wa baraza hawaji tena uwanjani. Kocha mpya ni mwalimu wa shule, kijana, ameshinda mechi mbili za mwanzo, basi vijana ndio wamezidi, kila siku wanaforwadi ile ya Chelsea, ati kocha wao Lampard alifukuzwa Januari 2021 na Mei Chelsea wakabeba kombe la Ulaya, kwa hiyo tulichelewa. Na wewe unajua njia za Lamu, ukikutana na mtu na punda katikati lazima mmoja arudi nyuma. Nimekutana na mjomba mara tatu. Mara zote yeye ndio aliyerudi nyuma, mzee wa miaka sitini, ananipisha mimi.

Nijiuzulu ukatibu? Tumrudishe kama anavyotaka mamangu? Ama nikae kimya yapoe?

Katibu asiyelala, Langoni

*

Waaleykum salaam mwanangu, marahaba.

Sikucheka. Yaani nilicheka pale kwa kikombe cha chai, halafu nikafika kwa mtoto wa punda nikaiweka simu chini.

Nianze na la kura manake naona ndilo linalokuuma na silo. Kura yako mimi sina ugomvi nayo. Mechi saba ushindi mmoja, mwenye tumbo anaanza na mwenye mbio anakaa, watoto wanahama, kamati isipofanya kitu hapo ni kamati ya nini? Mjomba wako mwenyewe alikupa ruhusa miaka ile pale barazani, alisema ukocha tukaneni. Sasa nyinyi mmekwenda mkauchukua ukocha, sawa, mkachukua na goli. Ile "Ole auti" haikuwa ya kocha. Lile jina alilipata kwa mguu wake kabla hao waimbaji hawajazaliwa, na wewe ulikuwa umesimama karibu, unajua jina limetoka wapi, ukanyamaza. Naomba ulale na hilo badala ya kura.

Mimi naishi Malindi na marehemu mume wangu alikuwa Arsenal, dereva wa tuktuk. Miaka ile ya mwisho ya kocha wao Wenger alikuwa na kibandiko nyuma ya tuktuk kimeandikwa WENGER TOKA, kwa herufi kubwa, abiria wa Kizungu walikuwa wanakipiga picha. Nakumbuka Machi 2017 Arsenal walikwenda West Brom wakapigwa 3-1, na juu ya uwanja siku hiyo zilipita ndege mbili zinavuta mabango, moja inasema asipewe mkataba aondoke, nyengine inamtetea. Ndege mbili, mwanangu! Watu wamechanga pesa wakakodi ndege kwa ugomvi wa kocha, na mimi hapa nilikuwa nadaiwa karo. Mume wangu aliipenda ile ya kwanza akaifanya stetasi wiki nzima.

Basi 2018 Aprili ikatangazwa kuwa Wenger anaondoka msimu ukiisha. Muda huo yeye mwenyewe alisema haukuwa uamuzi wake, kwa hiyo tuseme ukweli, walimsukuma. Lakini walimsukuma akiwa bado na mechi mbele yake. Mei akacheza ya mwisho nyumbani, Burnley wakapigwa tano, akapewa lile kombe la dhahabu la msimu wa 2003-04 waliomaliza bila kufungwa, uwanja mzima umesimama. Mume wangu alilia mpaka nikamletea taulo. Nikamuuliza, si wewe mwenye kibandiko? Akanambia nyamaza mama fulani, mambo haya huyajui. Asubuhi kibandiko hakipo. Hakubadilisha mawazo, alikuwa bado anaamini Wenger alikuwa amechelewa kuondoka, ila alitaka kumuaga.

Nyinyi hilo la kuaga mmewanyima watu wa mtaa. Ndio maana wazee hawaji uwanjani, wala si kwa sababu wanampenda yule mwenye tumbo.

Na huyo Ole wa Manchester uliyemtukana, ngoja nikwambie tofauti yake na Ole wako. Usiku ule wa Watford wakubwa wa klabu walikaa kikao kama mlivokaa nyinyi. Jumapili alijua yeye kwanza, na akakaa mbele ya kamera ya klabu yenyewe akawaaga watu, akalengwa na machozi, dunia nzima ikaona. Na pale Watford mpira ulipokwisha, mashabiki wanazomea, Bruno Fernandes alikuwa anawaonyesha kwa mikono kuwa na sisi wachezaji tumo kwenye lawama, si huyu peke yake. Kwenye timu yenu nani alifanya hivyo? Wewe umeiga taarifa yao neno kwa neno, hilo la lejendi daima umelichukua, ukaacha kuiga kile kitu cha kumwambia mtu kabla ya kumwambia ulimwengu.

Hao vijana wa kuforwadi Chelsea, waambie wamalize hadithi. Ni kweli, Lampard alifukuzwa tarehe 25 Januari, Tuchel akaja, Mei 29 wakamfunga Manchester City moja kwa sufuri kule Porto. Lakini jana yake tu, tarehe 24, Lampard alikuwa ameshinda 3-1 kombe la FA na bango la mashabiki la kumuunga mkono lilikuwa limetundikwa uwanjani, uwanja wenyewe mtupu kwa korona. Yule ndio mfungaji wao mkubwa wa zamani zote, mabao 211, na waliofurahi kombe mwezi wa Mei ndio walewale walioumia Januari, mtu anaweza kubeba vyote viwili. Na kama kufukuza ni dawa, mbona Man U walipomfukuza Ole wakamleta Rangnick walimaliza wa sita na pointi 58? Msimu uliotangulia, na Ole huyohuyo, walikuwa wa pili. Huyo mwalimu wenu ameshinda mbili, mungu amzidishie, lakini mbili ni mbili.

Sasa mamako. Nampenda kabla sijamuona, na hapana. Msimrudishe. Chelsea walimrudisha Lampard, Aprili 2023, kocha wa muda, kila mtu moyo ukamlainika, kijana wa nyumbani amerudi. Mechi kumi na moja, kashinda moja. Kapoteza nane. Wale waliomlilia 2021 ndio waliokuwa wakiombea msimu uishe haraka apumzike, na nafikiri hata yeye. Ukimrudisha mjomba kwa huruma, siku ya nne moja nyengine mtamfukuza mara ya pili na hapo hata Langoni hatakaa, atahamia kwa jamaa zake Matondoni au wapi huko.

Kujiuzulu pia hapana, samahani. Ukijiuzulu sasa mtaa utaanza kukuzungumzia wewe, katibu mwenye imani, katibu aliyeumia, na mzee atakuwa amefukuzwa halafu ameibiwa na msiba wake.

Fanya hivi. Kesho kama bahari inakuruhusu, baada ya alasiri, nenda kwake. Nenda wewe, usiende na mwenyekiti wala usiende na mamako, mamako akiwepo mjomba atakusamehe kwa ajili ya nduguye na hiyo haitoshi, itarudi. Chukua haluwa na birika la kahawa, usichukue cheti, usichukue jezi mpya iliyoandikwa 20, najua vijana wa siku hizi mnapenda kuprinti. Ukikaa usianze na "kamati iliamua". Sema niliandika mimi. Sema nilipiga kura uondoke na kura bado naiona ni sawa, ila ulistahili kuisikia kwa mdomo wangu kabla ya mtoto wa punda, na niliogopa. Hilo la kuogopa usiliruke. Halafu yale ya 2021 barazani, picha ya ukutani na kadhalika, uliyasema mbele yake unajua anaitwaje. Yaombe radhi hayo kwa jina.

Akinyamaza, mnyamazie. Mimina kahawa. Wazee wa huko kwenu wanaweza kunyamaza kutoka alasiri mpaka magharibi na ikawa ndio mazungumzo yenyewe. Usimdai jibu siku hiyo. Rudi tena wiki ijayo, na wiki nyengine.

Usimpe cheo. Mshauri mkuu, patroni, mlezi wa timu, vyote hivyo atavinusa. Wala usijifanye unakuja kumuuliza maji ya Mkanda, wewe ni mwenye boti, unayajua maji, atakucheka usoni. Kama kuna mechi ya kumuaga, ile mliyotakiwa kumpa, muulize yeye anaitaka ama haitaki, na akisema haitaki basi haipo, msimfanyie sapraizi uwanjani na ngoma. Akisema anaitaka, muulize aitwe nani. Nina hakika yule mwenye tumbo atakuwa wa kwanza, na siku hiyo mwacheni acheze dakika zote tisini.

Kwenye grupu andika tena, kwa jina lako siyo la kamati, kwamba ile taarifa ilitumwa kabla mwenyewe hajaambiwa na kosa lilikuwa lako. Mistari miwili inatosha. Na yule wa stika unamjua ni nani, manake unasimamia grupu. Huyo usimtoe, mpeleke akamwamkie mzee, akamshike mkono na aseme jina lake na la babake. Wazee wa hapo wote wanajuana, mjomba wako atamuuliza habari za babu yake na kijana atatamani ardhi ipasuke.

Mamako muachie. Akisikia umekwenda peke yako utaona sahani inavyowekwa.

Na njiani, ukikutana naye tena na punda katikati, rudi nyuma wewe, hata ikibidi mpaka Usita wa Mui, ile njia kuu.

Kuhusu filimbi. Waambie kamati filimbi madukani hapo bei yake haifiki nauli ya kwenda na kurudi Mokowe. Nunueni nyengine.

Bi Somo